Shangazi kaambiwa ana kisukari, sasa keki tunafanyaje?

Ikishatoka tu habari kwamba mtu wa familia kapimwa kaonekana ana kisukari, ndugu wote wanageuka wataalamu. Mmoja anasema sukari marufuku ila asali ruksa, mana asali ni dawa. Mwingine anasema kikubwa aachane na ngano, ale vya muhogo na ulezi. Wa tatu, mara nyingi yule anayekaa Ulaya, anatuma picha ya kopo la unga mweupe limeandikwa stevia, kitamu cha kuweka badala ya sukari, anauliza atume mangapi. Na mgonjwa mwenyewe, kwetu ni shangazi, ambaye maandazi ya ukoo mzima yanatoka jikoni kwake, hamna hata mmoja aliyemuuliza anataka nini.

Mi napika keki za oda nyumbani kwaiyo maswali yote haya yananiangukia mimi, na swali huwa ni lilelile: "una resipe ya keki isiyo na sukari?" Ninayo, zipo nyingi tu, lakini swali lenyewe limekaa upande, na ndo mana nimeona niandike kirefu. Mi si daktari, mambo ya dawa na dozi ni ya kliniki yake, hapa tunaongea unga, mayai na hesabu.

Tuanze na wanga, mana kila kitu kinarudi hapo. Wanga wote, uwe wa ugali, wali, ndizi, mkate au sukari ya mezani, ukifika tumboni unavunjwavunjwa unakuwa glukosi au sukari nyingine ndogondogo, zinaingia kwenye damu. Insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho, ndo inayofanya glukosi itoke kwenye damu iingie kwenye seli. Kisukari cha aina ya pili, ambacho ndo wengi wa umri wa shangazi wanacho, mwili unakuwa hauisikii insulini vizuri, na kongosho nalo linazidi kuchoka kadiri miaka inavyoenda, kwaiyo glukosi inabaki inazunguka kwenye damu. Damu haiulizi hiyo glukosi imetoka kwenye kijiko cha sukari au kwenye kipande cha mkate. Na hapa ndo watu wanashtuka: ukiipa glukosi tupu alama 100 kwa kasi ya kupandisha sukari kwenye damu, mkate mweupe unapata kama 75, sukari ya mezani inapata kama 65. Ndio, mkate unaizidi sukari kwa kasi, kwa sababu sukari ya mezani nusu yake ni fruktosi, ile sukari ya kwenye matunda, ambayo inapitia kwenye ini kwanza, wakati wanga wa mkate ni glukosi iliyoshikana mnyororo basi. Sasa usiende kununua fruktosi, mana ukiijaza kwa wingi ini nalo lina ya kwake ya kusema. Nachotaka uone ni kwamba kumnyima mtu sukari ya chai alafu ukamwekea silesi nne za mkate mweupe, hujamsaidia kitu.

Sasa tuchukue keki yenyewe. Ile keki ya robo ambayo wengi tunaijua: unga wa ngano gramu 250, sukari gramu 200, siagi gramu 200, mayai manne. Unga mweupe wa ngano kila gramu 100 una wanga kama gramu 75, kwaiyo hapo una 188. Sukari yote ni wanga, 200 kamili. Siagi haina, mayai karibu hayana. Jumla 388. Kata vipande 12, kila kipande kina wanga gramu 32.

Haya, sasa fanya anachotaka yule ndugu, toa sukari yote weka kitamu kisicho na wanga. Imebaki 188 ya unga, gawa kwa 12, gramu 16 kila kipande. Yaani imepungua nusu tu. Ila kwa sababu imeandikwa "haina sukari" shangazi anajikatia vipande viwili, na kwa sababu haina sukari watu wanamwambia kula mama, hii yako, na tayari tumerudi kwenye 32. Nshaona hii inatokea kwenye sherehe nyingi, na wa kulaumiwa si anayekula, ni maneno tuliyoyabandika kwenye keki.

Tufanye na ya asali. Asali kila gramu 100 ina sukari kama 80, iliyobaki karibu yote ni maji. Kwa vile asali ni tamu zaidi tunaweka pungufu, tuseme 150 badala ya 200, hapo una gramu 120 na kitu. Ukijumlisha na unga, kipande kinatoka kama 26. Kutoka 32 hadi 26, na kopo la asali ya kweli limekutoka bei ya keki tatu. Asali ina harufu nzuri, inafanya keki ibaki na unyevu, siikatai kabisa, lakini kwa damu ya shangazi asali ni sukari iliyotengenezwa na nyuki. Sukari guru nayo ni hivohivo. Sukari ya rangi ya kahawia, ambayo watu wanaiita ya afya, karibu yote ni sukari ileile ikiwa na molasi kidogo, na kwa taarifa tu sukari nyingi inayotoka viwanda vya kwetu ina rangi hiyo tangu zamani, ingekuwa dawa tungekuwa tushapona wote.

Tende zinabishaniwa sana, hasa Ramadhani. Tende kavu robo tatu ya uzito wake ni wanga, na sehemu kubwa ya huo wanga ni sukari. Tende moja ndogo ya kawaida ina kama gramu 5 hadi 6, ila zile kubwa nene laini za Medjool zinafika 18 kila moja. Kwaiyo mtu akikwambia "nimekula tende tatu tu", kwanza uliza tende gani. Tofauti yake na sukari ni kwamba tende ina nyuzinyuzi, inaingia kwenye damu taratibu kidogo, na inatafunwa kwaiyo unaila ukijua unakula. Ukiisaga kwenye blenda ukaichanganya kwenye keki nzima umeondoa nusu ya faida hiyo. Ndizi mbivu pia hivohivo, ndizi moja ya wastani ina wanga gramu 27, na kadiri inavyoiva ndo wanga wake unavyogeuka sukari. Keki ya ndizi "bila sukari" yenye ndizi nne za madoa meusi ina zaidi ya gramu 100 za wanga kutoka kwenye ndizi peke yake.

Kwenye unga ndo kuna uongo mwingi zaidi kuliko hata kwenye sukari. Muhogo, samahani wapenzi wa muhogo, unga wake mkavu una wanga mwingi kuliko ngano na nyuzinyuzi na protini ni kidogo. Unga wa mchele ni kama 80 kwa 100. Ulezi na mtama una nyuzinyuzi zaidi na madini mazuri tu, ila wanga wake bado uko kwenye 70 na kitu, kwaiyo uji wa ulezi bakuli kubwa bado ni bakuli kubwa la wanga, tena ukiwa umesagwa laini na kuiva vizuri ndo unapita haraka. Atta, ile ngano isiyokobolewa, haikupunguzii wanga sana lakini nyuzinyuzi zake ni kama gramu 10 na zaidi kwa 100, hizo zinakaa tumboni, zinachelewesha mambo na zinashibisha.

Unga unaobadilisha hesabu kweli ni ule ambao haukutoka kwenye nafaka wala muhogo. Dengu, unga uleule wa bajia, una wanga kama 58 na protini zaidi ya 20, na wanga wake unaingia kwenye damu polepole sana. Nankatai, zile biskuti za siagi, zinapikika kwa dengu, na ukizipunguzia sukari bado hamna anayelalamika, mana siagi na hiliki ndo zinafanya kazi kubwa pale. Nazi mbichi iliyokunwa ina wanga 15 tu kwa 100 na zaidi ya nusu yake ni nyuzinyuzi. Karanga vilevile ni kama 16, nusu yake nyuzinyuzi. Resipe za wazungu zote zinakwambia unga wa lozi, na lozi ni nzuri kweli, ila ukiangalia bei yake hapa Dar unaweza kupata ugonjwa mwingine. Karanga inafanya kazi karibu ileile. Kitu kimoja tu, zichague kabla ya kukaanga, toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, mana sumu kuvu haitoki kwa kukaanga.

Sasa kwa nini tusitoe tu sukari yote tukamaliza? Kwa sababu kwenye keki sukari haikuja kutia utamu peke yake. Ukiipiga na siagi zile chembe zinachonga vitundu vya hewa, hivyo vitundu ndo vinavyopanuka na beking poda keki inapanda. Inashika maji, kwaiyo keki inakaa laini hadi kesho yake. Inaizuia glutini, ile protini ya ngano inayovutika, isishikane sana, ndo mana keki inakuwa laini na mkate wa maji unavutika. Inachelewesha kuganda kwa wanga ndani ya oveni, keki inapata muda wa kupanda kabla haijakaza. Na rangi ile ya kahawia juu na harufu inayomleta jirani, sehemu kubwa ni sukari. Ukitoa yote ukaweka matone kumi ya stevia, unatoa kitu kifupi, cheupe, kikavu, kinachofanana na andazi lililokosa mafuta, alafu unamwambia shangazi hii ndo keki yako tangu leo hadi kufa. Hapana jamani.

Lakini sukari inaweza kupunguzwa sana kabla mambo hayo hayajaharibika. Keki nyingi unaweza kutoa robo hadi theluthi ya sukari na usimwambie mtu na asijue. Ukitaka kushuka hadi nusu inabidi uanze kurekebisha vingine: mtindi au maziwa zaidi kwa ajili ya unyevu, na ulimi uudanganye kwa harufu. Hiliki, vanila, mdalasini, maganda ya chungwa au limau yaliyokunwa na chumvi kidogo vinafanya kitu kionekane kitamu kuliko kilivyo. Mdalasini hapo nimeutaja kama kiungo. Kuna watu wanaunywa kwa vikombe wakiamini unashusha sukari na wengine wanaacha vidonge kabisa, na ushahidi wake ni dhaifu, alafu mdalasini wa aina ya kasia, ambao ndo umejaa madukani, una kitu kinaitwa kumarini ambacho kikizidi kinasumbua ini. Kwenye keki kijiko kimoja, poa tu.

Vitamu vya dukani nivipitie haraka. Stevia inatoka kwenye majani ya mmea wa Paraguay, ni tamu sana kwaiyo inawekwa chembe tu, haina wanga, ila ikizidi inaacha uchungu fulani nyuma ya ulimi. Sukralosi inavumilia moto wa keki vizuri. Aspatami inapoteza utamu kwenye moto, hiyo iwekee chai, usiipeleke kwenye oveni. Erithritoli inakaa kama sukari kwa macho, utamu wake kama 60 hadi 70 kwa 100 wa sukari, haipandishi sukari kwenye damu, inaleta ubaridi mdomoni. Mwaka 2023 ulitoka utafiti ukaihusisha na matatizo ya moyo, haujathibitisha kwamba ndo inayosababisha, ila mtu mwenye kisukari tayari moyo wake uko kwenye hatari zaidi kwaiyo mi siiweki kilo nzima. Zailitoli ni nzuri kwenye biskuti lakini inaua mbwa, kama una mbwa ndani usiiache mezani. Maltitoli ndo inayojaa kwenye chokoleti na pipi za "bila sukari", na hii inapandisha sukari, si kama sukari yenyewe lakini inapandisha, na ukila nyingi utashinda chooni.

Alafu geuza paketi usome nyuma. Vile vitamu vinavyouzwa kama unga wa kupimia kikombe kwa kikombe, vingi vimejazwa maltodekstrini au dekstrosi ili viwe na ujazo, na hizo zote mbili ni wanga unaokimbia haraka sana. Kwenye paketi moja ndogo ya chai haina shida, kwenye vikombe viwili vya keki hapo ongea vingine. Biskuti za supamaketi zenye lebo ya wagonjwa wa kisukari nazo soma mstari wa kabohaidreti, yaani wanga, usisome ile herufi kubwa ya mbele. Shirika la Diabetes UK la Uingereza limewaambia watu miaka mingi kwamba hivyo vyakula maalumu hawavihitaji, ni ghali na bado vinapandisha sukari. Shirika la Afya Duniani nalo Mei 2023 lilitoa mwongozo wa kutotegemea vitamu hivi kwa ajili ya kupunguza uzito, ambao watu waliusambaza kila kona wakisema stevia ni sumu, lakini mwongozo ule wenyewe ulisema hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari.

Ila kabla hujagusa keki ya besdei, ambayo shangazi anaila mara ngapi kwa mwaka, angalia asubuhi yake. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa ni gramu 4. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, gramu 48, na nani kati yetu anasawazisha kijiko? Andazi moja la wastani lina unga kama gramu 40 na sukari kidogo, hapo ni wanga kama 33 hadi 35. Matatu na chai, amepita 100 kabla ya saa tatu asubuhi, na hii ni kila siku, wakati familia imekaa kikao kujadili keki ya Desemba. Kwa hiyo mi ningeanza na chai. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi unazoea, usikate ghafla mana atarudi kwa kasi. Andazi moja badala ya matatu, na pembeni yai au maharage. Juisi ya embe nayo, hata isiyotiwa sukari, glasi ya mililita 300 inaweza kuwa na gramu 40 za sukari ya tunda lenyewe. Embe lenyewe, silesi chache, anakula vizuri tu.

Haya, keki ninayompikia. Karanga gramu 100 zilizokaangwa na kumenywa, zisage kwenye blenda pamoja na kijiko kimoja kikubwa cha unga, kwa kushtua shtua, ukiiacha blenda iende moja kwa moja unapata siagi ya karanga. Unga mweupe gramu 75, atta gramu 75, beking poda vijiko viwili vya chai, hiliki ya kutwanga mwenyewe, chumvi. Siagi gramu 150 na sukari, sukari ya kweli ya dukani, gramu 100, vipige mpaka viwe vyeupe; hapa usiwe na haraka, mana sukari ni nusu ya ile uliyozoea na hewa utakayoipata ni hiyo tu. Mayai manne, moja moja. Mtindi mzito usio na sukari mililita 100, maganda ya limau moja, alafu unga unaingia mwishoni unachanganya kwa mwiko, taratibu. Acha mchanganyiko utulie dakika 10 au 15 kabla ya kuoka, atta inataka muda wa kunywa maji, usipoipa inakuwa kama mchanga mdomoni. Oveni nyuzi 170, dakika 35 hadi 40 kwenye bati la sentimita 20. Wa mkaa juu mkaa chini, weka mkaa mwingi juu, chini kidogo tu, karanga zinaungua haraka.

Usisubiri rangi. Sukari ikiwa pungufu keki inachelewa kuwa kahawia, na ukikaa unangoja ile rangi ya keki ya harusi utaitoa ikiwa kavu. Choma kijiti katikati, kikitoka safi toa hata kama juu imepauka.

Kata vipande 16. Wanga wote humo ndani ni kama gramu 230, kwaiyo kipande ni 14 hadi 15, pungufu ya ile keki "isiyo na sukari" ya mwanzo, na hii ina sukari ya kweli, imepanda, na wajukuu wanaila bila kukunja uso. Kipande cha 16 cha bati la sentimita 20 ni kidogo, mraba wa sentimita 5, hilo nalikubali. Kikate kabla hakijafika mezani, mtu akipewa kisu na keki nzima hesabu zote zinakufa pale. Vilivyobaki funga kimoja kimoja weka kwenye friza.

Wakati wa kula nao una nguvu zake. Keki saa kumi jioni tumbo tupu na soda ni mambo mengine kabisa na keki ileile baada ya samaki na mchicha. Protini, mafuta na mboga vikitangulia, tumbo linaachia chakula polepole na sukari haipandi ghafla. Kutembea dakika 10 au 15 baada ya kula kunasaidia kweli, misuli inachukua glukosi hata bila kuhitaji insulini nyingi. Na kama ndani kuna mashine ya kupimia, hapo hamna haja ya kubishana na mtu: pima kabla ya kula, pima tena saa mbili tangu tonge la kwanza. Imepanda 2 au 3 hivi (kwa mashine za kwetu zinazosoma mmol/L), kipande kimemfaa. Imeruka zaidi, kikate nusu siku nyingine. Chama cha Kisukari cha Marekani kinashauri wagonjwa wengi watu wazima asubuhi kabla ya kula wawe kati ya 4.4 na 7.2, na baada ya kula wasifike 10, ingawa mzee sana au mwenye magonjwa mengine daktari anaweza kumpa namba zake. Binamu wa Marekani akikwambia yake ni 148 usipige yowe, wao wanasoma kwa kipimo kingine, mg/dL, gawa kwa 18 utapata 8.2. Keki yenye siagi nyingi inaweza kuchelewa kupandisha, kwaiyo mara mojamoja pima na saa ya tatu. Stripu za mashine ni ghali, hutapima kila kipande maisha yako yote, unapima mpaka unakijua kipande chako.

Mkiwa mnambadilishia vyakula, kuna swali moja lazima aulizwe: anatumia dawa gani. Metformini peke yake kwa kawaida haimshushi mtu mpaka azimie. Glibenklamidi, glimepiridi, gliklazidi, na insulini, hizo zinashusha hata kama hajala. Mkikata wanga wake ghafla na dozi iko palepale, anaweza kushuka chini ya 4: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, maneno hayaeleweki. Kwaiyo kliniki ijue kwanza. Na ikitokea, usimpe keki, mafuta yake yanachelewesha, na usimpe soda ya "zero", haina kitu. Mpe sukari gramu 15, yaani vijiko vya chai vinne kwenye maji au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, subirini dakika 15, pimeni tena. Akiwa amepoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Nyumba ya mwenye kisukari anayetumia dawa hizo haitakiwi ikose sukari kabatini. Mwenye aina ya kwanza na mjamzito wana utaratibu wao, hao wafuate kliniki moja kwa moja.

Kuna utamu mwingine ambao hauhitaji hata resipe mpya, ni saizi tu. Kashata za karanga, ukitumia karanga robo kilo na sukari gramu 200 ukakata 24, kila moja ina wanga kama gramu 10, theluthi ya andazi. Watu wanaiogopa kashata kwa sababu sukari inaonekana, wanaliamini andazi kwa sababu halionekani na kitu. Halua sina ujanja nayo, ni sukari, wanga na samli, ukiipunguza inaacha kuwa halua. Kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole na kahawa chungu, siku ya Idi, inatosha. Kaimati unaweza kumpakulia mbili kabla shira haijamwagwa ukamnyunyizia yake kwa kijiko.

Ila ukiniuliza cha kumpikia mara kwa mara nitakwambia pudini ya mayai, mana haina unga kabisa. Maziwa nusu lita yapashe na hiliki na kipande cha mdalasini, yasichemke. Mayai manne yapige na sukari vijiko viwili vya chakula na vanila, mimina maziwa taratibu huku unakoroga yasije yakaganda mayai, chuja, gawa kwenye vikombe sita. Panga vikombe kwenye treya yenye maji ya moto yafike nusu ya kikombe, oveni nyuzi 150 kama dakika 30 au 40, au kwenye sufuria ya maji moto mdogo umefunika na kitambaa chini ya mfuniko ili matone yasidondoke juu. Toa wakati katikati bado panatikisika kidogo. Ukijumlisha sukari ya maziwa na ile uliyoweka, kikombe kimoja ni gramu 8 na kitu. Ikipoa juu mkunie nazi iliyokaangwa kavu bila sukari, na kwenye friji inakaa siku mbili tatu bila shida.